Kuhamisha hifadhidata: namba ya toleo ni mwanzo tu

KAKA: Karibuni tena. Dada, kuna msikilizaji ana hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 12, kwenye seva yake, na huduma ya wingu anayohamia inampa toleo la 16. Anauliza kama apite 13, 14 na 15 kwanza.

DADA: Hapana, aende moja kwa moja. Tena asichelewe, maana toleo la 12 liliacha kutunzwa Novemba 2024. Ila namsihi atumie pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata kwenye faili, ya toleo la 16. Hiyo mpya inaisoma seva kuukuu bila shida.

KAKA: Mimi namhofia kwenye viendelezi, zile nyongeza zinazoipa PostgreSQL uwezo zaidi. Kwenye seva yako unaweka chochote, lakini kwa mtoa huduma unapata vile alivyoviruhusu tu, na wewe si mtumiaji mkuu tena. Afungue pg_extension, jedwali la mfumo linaloorodhesha viendelezi, katika kila hifadhidata, aandike jina na toleo la kila kiendelezi, halafu alinganishe na orodha ya mtoa huduma.

DADA: Na ruhusa pia. Kuanzia toleo la 15, kwenye hifadhidata mpya mtumiaji wa kawaida haundi tena jedwali ndani ya skima ya public, lile fungu la kawaida la majedwali, mpaka apewe ruhusa. Programu inayojiundia majedwali itagoma hapo hapo.

KAKA: Haya, tuambie yale ya sikwensi, kile kihesabio kinachozipa safu mpya namba.

DADA: Ee, hayo yaliniuma. Hatukutaka kuzima huduma kwa saa nyingi, tukatumia urudufishaji wa kimantiki, ule uliokuja na toleo la 10 mwaka 2017: seva mpya inapokea data na mabadiliko yake huku ya zamani ikiendelea na kazi. Data ikavuka, tukahesabu safu, yaani rekodi, jedwali kwa jedwali, zikalingana. Tukaielekeza programu kwenye seva mpya. Oda ya kwanza tu, ikagonga: "duplicate key value violates unique constraint", yaani namba hiyo tayari ipo.

KAKA: Safu zimefika, namba hazikufika.

DADA: Ndiyo hivyo. Kwa matoleo haya, urudufishaji huo unabeba safu, haubebi hali ya sikwensi. Jedwali lina maelfu ya oda, sikwensi ya seva mpya bado iko kwenye moja, inatoa namba ambazo zina wenyewe. Ilitubidi tusimamishe kila kitu, tupitie sikwensi moja moja na setval, amri ya kuipangia sikwensi namba, tukiiweka juu ya id (namba ya safu) kubwa kuliko zote katika jedwali lake.

KAKA: Hiyo ifanyike uandishi wa data ukishasimamishwa upande wa zamani, kabla mpya haijafunguliwa.

DADA: Naam. Na wakati data inavuka, mtu asiongeze hata safuwima moja upande wa zamani. Mabadiliko ya muundo nayo hayavuki, na urudufishaji utakwama.

KAKA: Mambo yakiharibika, anarudije?

DADA: Wateja wakishaandika kwenye 16, kurudi 12 bila maandalizi ni kupoteza walichoandika. Njia ninayoiamini ni kugeuza mkondo wa urudufishaji: kabla ya kuruhusu data mpya iandikwe, unazima ule wa kwanza, unaanzisha wa kutoka mpya kwenda zamani. Seva ya zamani inabaki hai siku kadhaa, ikipokea.

KAKA: Asisahau ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za majedwali.

DADA: Aiendeshe kabla ya kufungua. Bila takwimu, kipangaji cha hoja, kinachochagua njia ya kutafuta data, kinakisia, na hoja iliyokuwa nyepesi jana inaburuza leo. Halafu watu wanalaumu toleo jipya, na toleo halina kosa.