Kuruta Apimwe kwa Mzigo

Wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tabora haina haja ya kufundishwa habari za mizigo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa kwenda pwani na pembe za ndovu, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Jeshini nako, ukiacha bunduki, kazi kubwa ni kubeba. Kombora moja la mzinga wa milimita 155 linapita kilo 40. Kuna masanduku ya risasi, madumu ya maji, na majeruhi kwenye machela.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi, kuanzia 1980, askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani alipimwa kwa pushapu, kuinuka kutoka chali, na mbio za maili mbili. Kijana mwembamba hufaulu vizuri hapo, maana anachoinua ni mwili wake mwenyewe. Mpelekeni bohari sasa! Yule pande la mtu mliyemcheka kwenye mchakamchaka ndiye atakayepakia lori mpaka jioni. Mwaka 2022 Wamarekani wenyewe walirasimisha kipimo kingine, chenye kuinua chuma kizito kutoka chini.

Mimi navutiwa zaidi na Kanada. Mfuko wa mchanga wa kilo 20, uunyanyue kupita kimo cha mita moja, mara 30, ndani ya dakika tatu na nusu. Kiwango ni kimoja kwa mwanamke na mwanamume, kijana na mtu mzima.

Najua mtasema akina mama wanaonewa. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 hizohizo, na wote humu tunajua nani anayejitwika. Uonevu ungekuwa kudai kilo 40 kwa kazi ya kilo 20. Kwa hiyo tuulize kwanza: namba hii imetoka kwenye kazi gani?

Tena mazoezi hayamalizi kila kitu. Mwaka 1991 wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walianzia kilo 23 kama kikomo cha kunyanyua, mzigo ukiwa karibu na mwili, bila kujipinda. Ukiusogeza mbele, kikomo kinashuka. Sasa lile kombora ni karibu mara mbili yake. Afande mwenye akili ataita watu wawili, hata kama kila mmoja amefaulu kipimo.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.