Njia ya Mtoto Kwanza, Kiwanja Baadaye

Mhadhara uliotolewa jijini Dar es Salaam kwa wazazi watumishi wanaojiandaa kuhamia Dodoma

Ndugu wazazi, nimepanda treni ya asubuhi kutoka Dodoma ili nije kuzungumza nanyi, na hata kabla hatujafika Morogoro abiria mwenzangu alikuwa amekwisha kuniuliza swali ambalo nimekuwa nikiulizwa kwa karibu miaka kumi sasa: "Mwalimu, Dodoma shule nzuri ni ipi?" Nilimjibu kwa kumuuliza atakaa mtaa gani. Akaniambia kiwanja ameshanunua, ila mtaa wenyewe anaujua kwa jina tu. Haya nitakayoyasema leo ndiyo jibu ambalo sikuwahi kummalizia, kwa sababu alishuka Morogoro.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi. Sina kiwanja cha kuuza wala shule ya kuitangaza. Nina jambo moja tu ambalo naomba mlichukue: chagueni kwanza njia atakayopita mtoto kila asubuhi, na vingine vyote, yaani nyumba, kiwanja na hata jina la shule, vifuate njia hiyo.

Ili kuelewa kwa nini swali la mtaa linatangulia swali la shule, hatuna budi kukumbuka jinsi mji wenyewe ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la CDA, iliundwa mwaka huo huo. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki hapa Dar es Salaam, na mji ule ukakua polepole, kiasi kwamba mtoto wa mtaa wa Area C aliweza kwenda shule kwa miguu na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu akatangulia. Mei 2017 CDA ikavunjwa. Na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 ndani ya jiji hilo. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, upande wa mashariki, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, wakati viwanja ambavyo mtumishi wa kawaida anavimudu vimetawanyika pande zote, na vingine viko Nala au Mkonze, upande wa pili kabisa.

Sasa chukueni karatasi mchore pembetatu. Baba au mama anafanya kazi Mtumba. Nyumba iko Nala, kwa sababu kiwanja kilipatikana kwa bei nafuu. Mtoto anasoma mtaa wa Kisasa, kwa sababu jirani wa zamani alisema kuna shule nzuri huko. Kwenye ramani familia hiyo inaishi mji mmoja, lakini asubuhi kila mtu ana safari yake, na anayeilipa kwa usingizi wake ni mtoto. Basi la shule haliendi kwa mtoto mmoja. Linazunguka mitaa sita au saba kabla ya kufika getini, na yule anayekaa mbali zaidi ndiye anayechukuliwa wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri, na kurudishwa wa mwisho jioni. Nimefundisha watoto wa namna hiyo. Kipindi cha tatu wanasinzia, na mwalimu asiyejua wanakotoka huwaandika kwenye ripoti kwamba ni wavivu.

Wapo wanaoona dawa yake ni bodaboda. Nitasema tu kwamba nimeona watoto watatu wamepangwa mishikaki nyuma ya kijana mmoja kwenye barabara ya malori, na sitaki kuliona tena.

Njia ya mtoto vilevile ina majira yake. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Mgeni anayekuja kukagua mtaa mwezi wa Septemba huonyeshwa njia ya mkato inayopita kwenye korongo kavu, akapima dakika kumi hadi shuleni, akaridhika. Januari korongo hilo hilo linajaa maji kwa saa mbili tatu baada ya mvua moja, na mtoto anasimama ng'ambo akiwa na begi kichwani. Kwa hiyo ulizeni wenyeji, hasa akina mama wauza maandazi karibu na shule, njia ipi hupitika wakati wa masika. Wao wanajua kuliko dalali.

Baada ya njia ndipo tuingie shuleni, na hapa wengi huanza na matokeo. Tangu matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, yaliyotoka Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi naliunga mkono, kwa sababu orodha ile iliwafundisha wazazi kusoma jina badala ya kusoma shule. Matokeo ya kila shule bado yanaonekana kwenye tovuti ya baraza, nanyi mnaweza kuyasoma vizuri zaidi kuliko orodha yoyote. Tazameni kwanza idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 38 waliofaulu wote haiwezi kulinganishwa kirahisi na shule ya kata yenye watahiniwa 240. Kisha fungueni matokeo ya shule hiyo hiyo kwa miaka minne, kuanzia upimaji wa kidato cha pili, na mhesabu: kama kidato cha pili walikuwa 90 na miaka miwili baadaye waliofanya mtihani wa kidato cha nne ni 55, ulizeni wale 35 walikwenda wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba walichujwa ili wastani upande. Shule inayochuja watoto inaweza kuwa na matokeo mazuri sana na bado isiwe shule nzuri kwa mwanao, kwa maana huyo anayechujwa anaweza kuwa yeye.

Lugha ndilo jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, zinafundisha kwa Kiswahili. Zile tunazoziita "ingilishi midiamu" zinafundisha kwa Kiingereza. Na sekondari zote zinaingia kwenye Kiingereza. Mwanangu wa kiume nilimtoa shule ya Kiswahili akiwa darasa la tano nikampeleka shule ya binafsi, nikiamini kwamba ninamtangulizia sekondari. Walimpokea, wakapokea na ada, wakamrudisha darasa la tatu bila kunieleza vizuri, na mtoto aliyekuwa akiongoza kwa hisabati akakaa kimya mwaka mzima, kwa sababu hesabu alizozijua hakujua kuzisoma. Mimi ni mwalimu na sikuliona mapema. Mnaohamia msije mkabadilisha mji, nyumba na lugha ya darasani ndani ya muhula mmoja. Mtoto aliyezoea Kiswahili na abaki katika Kiswahili mpaka amalize shule ya msingi, na Kiingereza aongezewe nyumbani au kwa masomo ya ziada. Aliyezoea Kiingereza tangu awali atafutiwe shule ya namna hiyo, hata kama ni ndogo na haina jina.

Siku mtakapoitembelea shule, msiishie ofisini. Ombeni kuona vyoo. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule nyingi za serikali katika mitaa inayokua haraka hazifikii hapo, na mwalimu mkuu mkweli atawaambia bila kuona haya. Dodoma ni nchi ya ukame, na mgao wa maji ni jambo la kawaida katika mitaa mingi, kwa hiyo ulizeni shule ina tangi la ukubwa gani, na ni nani anayelijaza siku maji yasipotoka. Binti wa darasa la sita asiye na maji shuleni hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na hilo halionekani kwenye matokeo yoyote.

Msidharau shule za serikali. Elimu bila ada, kutoka awali hadi kidato cha nne, ilianza Januari 2016, na baadaye ada zikafutwa pia kidato cha tano na cha sita. Zipo shule za serikali Dodoma ambazo walimu wake ningewakabidhi wajukuu zangu leo hii. Ila fahamuni utaratibu. Mtoto anayemaliza shule ya msingi ya serikali hupangiwa kidato cha kwanza kutokana na mahali alipofanyia mtihani, hivyo anayefanyia mtihani Temeke mwezi wa Septemba akahamia Dodoma Desemba atajikuta amepangiwa shule ya Dar es Salaam, na mzazi ataanza mwaka kwa kuzunguka na barua za uhamisho. Mtoto wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne ni heri amalize mtihani wake alipo. Liko jambo jingine linalokuja: mtaala mpya wenye elimu ya msingi ya miaka sita ulipoanza mwaka 2024 uliwachukua walioingia darasa la tatu, maana yake watoto hao watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja, Januari 2028. Mwenye mtoto katika makundi hayo aangalie kata anayohamia ina sekondari ngapi, na kama kuna madarasa yanayojengwa.

Najua baadhi yenu mnafikiria kutohama kabisa, yaani baba aende peke yake na familia ibaki. Tangu treni ya mwendokasi ilipofika Dodoma mwaka 2024, safari ya saa tisa za basi imekuwa ya saa tatu na nusu hivi, na wengine huona Morogoro ndiyo suluhisho: hali ya hewa nzuri chini ya milima ya Uluguru, shule za miaka mingi, na katikati ya njia. Kwa mwenye watoto wa sekondari walio katika madarasa ya mitihani, sioni ubaya kufanya hivyo kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa wenye watoto wadogo, nasita. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma iliyoanza nayo treni ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Zidisheni kwa kwenda na kurudi, kisha kwa wiki za mwaka, mtakuta kodi ya nyumba imekwisha kulipwa relini. Na msifikiri bweni litawasaidia kwa wadogo, kwani tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, uamuzi ambao sisi tuliolala na watoto hao mabwenini tuliuona umechelewa.

Kwa hiyo, ratiba yangu ni hii. Njooni Dodoma siku ya kazi, mwezi wa Februari, mvua zikiwa zinanyesha, mlale kwa ndugu au gesti katika mtaa mnaoufikiria, muamke saa kumi na moja na mwende kwa miguu hadi shuleni. Simameni getini mpaka kengele igongwe. Mkiupenda mtaa huo, pangeni nyumba kwa mwaka mmoja kabla ya kujenga. Majina ya darasa la kwanza huanza kuandikishwa mwezi wa Oktoba, na likizo ya Desemba ndiyo ya kuhamisha mizigo, mkiwa na namba ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, ya kila mtoto mkononi ili shule mpya ipokee taarifa zake kwenye mfumo. Nadhani muda wangu umekwisha, na yule mama wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja basi la shule.