Joto Lililojificha Ndani ya Chokaa

Wanangu, tuanze na kikombe hiki. Ndani mna maji ya ndimu, na kipimajoto kinasoma digrii 28. Natia kijiko cha bekingi soda. Mnaona povu hilo? Mtu akipita atasema linachemka. Haya, wewe wa mbele, njoo utusomee. Ngapi? 24! Povu lote lile, na kikombe kimepoa.

Nimeanza na hili makusudi, maana tukiona povu tunadhani pana joto. Povu ni kaboni dayoksaidi inayotoka, basi. Chembe za vitu zimeshikana: kuziachanisha kunakula joto, na zikishikana upya kwa namna nyingine, joto hutoka. Hapa lililoliwa limezidi lililotoka, na pengo likazibwa na joto la maji yenyewe.

Sasa njooni kwenye chokaa, ambayo mimi naipenda zaidi. Kuta za zamani za Mji Mkongwe na Lamu zilipigwa chokaa ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa. Tufuate gramu 100 za jiwe hilo, tuseme ni safi kabisa. Tanurini, kwenye digrii kama 900, linameza kilojuli 178 za joto. Gramu 44 zinapaa, ni kaboni dayoksaidi tena, na zinabaki 56 za chokaa kavu. Ikishapoa, ukiigusa ni baridi kama kokoto yoyote. Joto limekwenda wapi?

Imwagie maji. Kwanza kimya. Kisha donge linapasuka, linavimba, mvuke unafuka, na maji yanaweza kuchemka bila hata kijiti cha kuni. Ndiyo maana leo sikuileta, nanyi msiijaribu nyumbani: tone likiruka jichoni laweza kukupofusha. Fanyeni la ndimu.

Ila hesabu bado. Maji yametutolea kilojuli 65 tu. Zilizosalia hutoka ukutani, chokaa inapovuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka jiwe tena. Kazi hiyo huenda polepole mno, miezi hadi miaka, hivyo ukiweka kiganja ukutani husikii joto lolote. Lakini linatoka: kilojuli 113. Jumlisheni na zile 65 za maji.

Naam. 178, zile zile za tanurini.