Jinsi ya kuunganisha PZL P.11c, ndege ya kivita ya Poland: mabawa ndiyo yenye kazi

Haya jamani, karibuni mezani. Leo tunaunganisha modeli ndogo ya PZL P.11c, ndege ya kivita ya Poland ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kipimo ni 1/72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 10.72 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Hii yetu haifiki sentimita 15. Inakaa kiganjani, ila usiidharau.

Kukata vipande kwenye fremu siwaonyeshi, mnajua: koleo ndogo, kata mbali kidogo na kipande, malizia kwa kisu na msasa. Kiti cha rubani na mikanda nimeshapaka rangi kabla ya kuwasha kamera. Kumbuka tu P.11 haikuwa na kifuniko, rubani alikaa wazi upepo ukimpiga, kwa hiyo mikanda itaonekana. Ipake kwa uangalifu. Nusu mbili za bodi, gundi, bana, tunasonga.

Sasa taratibu. Hapa sikimbii.

Itazame ndege kwa mbele. Umeona? Bawa linatoka ubavuni likipanda juu, halafu linakata kona na kunyooka kwenda nje, kama bawa la shakwe akiwa angani. Hiyo ni kazi ya mhandisi Zygmunt Puławski. Alitaka rubani aone mbele, kwa hiyo bawa akalifanya jembamba pale linapokutana na bodi, akalipandisha, kisha akalitegemeza kwa mihimili kutoka chini. Puławski alifariki Machi 1931 kwa ajali, akirusha ndege nyingine aliyoibuni mwenyewe, ana miaka 29. P.11 iliruka mara ya kwanza Agosti mwaka uleule. Hakuiona. Ndiyo maana kwenye hili bawa siwezi kumvumilia mtu anayelipua kazi.

Chukua gundi inayokauka polepole. Si supaglu. Narudia, si supaglu, kwa sababu supaglu haikupi nafasi ya kurekebisha. Paka kidogo kwenye mashikio, ingiza bawa, kisha weka ndege mezani na panga kadi za karata chini ya kila ncha, idadi sawa kulia na kushoto. Mihimili ijaribu bila gundi kwanza. Ikikaa yenyewe bila kusukumwa, pembe iko sawa. Ukiona unaisukuma ili iingie, bawa ndilo limekosea. Mhimili usiukate hata kidogo!

Subiri... ngoja nisogeze kamera. Mnaona kwenye skrini? Ncha ya kulia iko chini. Kwa macho huwezi kuiona, ila kamera ikitazama kwa mbele inaonekana waziwazi. Kadi moja imeteleza. Sawa, gundi bado mbichi, nainua... pole pole... narudisha kadi. Hapo. Tazama tena kwa mbele. Sasa mhimili unaingia wenyewe, umeona? Hakuna nguvu. Gundi ya mihimili unaiweka bawa likishakauka kabisa, si kabla. Si kabla jamani.

Jambo lingine, usiguse msasa juu ya bawa. Nisogeze karibu mwone. Hii mistari midogomidogo inayotoka ukingo wa mbele kwenda nyuma, ndiyo bati lenyewe lilivyokuwa, bati la duralumini lililokunjwa mikunjo myembamba. Ukisugua mara mbili, imekwenda, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kama kuna ufa kwenye maungio, jaza kwa ncha ya kijiti cha meno, futa ziada kwa pamba yenye unyevu. Msasa weka mbali, hata mezani usiwepo.

Wakati inakauka, niwaambie kwa nini naipenda hii ndege. Tarehe 1 Septemba 1939, asubuhi, kapteni Mieczysław Medwecki aliuawa akiwa kwenye P.11c karibu na Kraków. Aliyeruka naye, Władysław Gnyś, akaponea chupuchupu, na asubuhi hiyohiyo akaangusha ndege mbili za Wajerumani aina ya Do 17. P.11 haikufika kilomita 400 kwa saa, na Messerschmitt Bf 109 iliyokuja kuikabili ilipita 500. Nyingi zilibeba bunduki mbili tu za rashasha. Bado walipaa. Tarehe 17 Warusi nao wakaingia kutoka mashariki, na baadaye familia nyingi za Wapolandi zikapelekwa Siberia na Kazakhstan. Waliotoka huko walipitia Iran, na maelfu yao wakafika hapa kwetu, Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo. Nenda ukayaone.

Haya, injini. Bristol Mercury, silinda 9, iliyotengenezwa Poland kwa leseni ya Waingereza. Nyeusi, kisha gusagusa rangi ya fedha kwa brashi kavu. Ingiza kwenye pete yake. Magurudumu, mkia, hayo fuata karatasi.

Rangi. Juu ni kaki ya Kipolandi, chini ni buluu hafifu. Mimi kaki naipenda ikielekea kwenye udongo kuliko kwenye majani. Nachanganya kahawia kidogo. Puliza nyembamba nyembamba, rangi nzito inaziba ile mikunjo.

Sasa stika, na hapa naomba masikio yote. Alama ya Poland ni miraba minne, myekundu na myeupe. Kwa ndege ya 1939, mraba wa juu kushoto ni mwekundu. Leo ni mweupe, kwa sababu mpangilio ulibadilishwa 1993. Ukitazama picha ya ndege ya sasa ukaiga, umekosea. Juu kushoto, mwekundu. Na kwenye mabawa alama hazikai umbali sawa kutoka nchani, kwa hiyo fuata mchoro wa kwenye boksi, usijipimie.

Paka vanishi ya kung'aa kwanza. Loweka stika kwenye maji ya vuguvugu, iache iteleze yenyewe. Iweke... aa, kuna povu la hewa hapa, mnaliona? Usilibonyeze kwa kidole. Choma kwa ncha ya sindano, tone la dawa ya kulainisha stika, halafu uiache. Itajikunjakunja, utaogopa, iache tu. Tazama, inalala mkunjo kwa mkunjo hadi inaonekana kama imepakwa rangi. Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii.

Propela, kioo kidogo cha mbele, vanishi isiyong'aa, basi. Usiishike hadi kesho. Mabawa yakikusumbua, niandikie hapo chini na uweke picha iliyopigwa kwa mbele, ndege ikiwa mezani, nikuonyeshe ni upande gani umeshuka.