Vipele vya shavuni siyo kansa, ila vua viatu kwanza

Shikamooni wazee wangu, na nyie wa kule nyuma sogeeni, hii spika inakwaruza.

Juzijuzi kaja bibi mmoja kliniki kajifunga mtandio mpaka puani, kumbe jirani kamwambia vipele vyeusi vya mashavuni ni kansa, siku ya tatu hiyo hali chakula. Nikamwomba atoe, nikamulika na tochi. Vidogo kama mbegu za ufuta, vimetapakaa hadi chini ya macho. Nikamuuliza, mama yako alikuwa navyo? Akacheka, na dada zangu wote! Basi hapohapo nikajua. Kidaktari vinaitwa dematosisi papulosa nigra, vinatupata sana sisi weusi, vinaenda kiukoo, umri ukisogea navyo vinaongezeka, na havigeuki kansa. Yule mcheza filamu Morgan Freeman si mnamuona mashavu yake?

Vina kaka yao mkubwa, seboreiki keratosisi, huyo anapenda mgongo na kifua, utadhani mtu kadondoshewa nta ya mshumaa ikagandia hapo. Huyu anatubabaisha hata sisi, mana anaweza kuwa mweusi tii kuliko melanoma yenyewe, ile kansa kali ya ngozi, kwaiyo tukisita tunakata kipande kinaenda maabara, msiseme tunawachezea.

Halafu vile vinyama vya kuning'inia shingoni na kwapani, havina neno, ila acheni kuvipaka maji ya betri jamani! Kinyama kilikuwa kimetulia, sa hivi una kidonda na kesho kovu limevimba kama kidole.

Kinachoniuma ni kwamba tunahangaika na shavu wakati melanoma kwa sisi weusi inapenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, sehemu ambazo hamna anaeziangalia kwenye kioo. Bob Marley ilimtokea kwenye kidole gumba cha mguu, ikadhaniwa ameumia mpirani, ikajulikana 1977, 1981 akafariki na miaka 36. Sasa mistari myeusi kwenye kucha kadhaa wengi wetu tunayo, ya kawaida tu, ila mstari ukiwa kwenye kucha moja tu, unapanuka, au weusi umevuka kucha umeingia kwenye ngozi, njoo haraka. Na ndugu zetu wenye ualbino hesabu yao nyingine kabisa, wao kidonda cha usoni au shingoni kikigoma kupona hatusubiri.

Ndio mzee wa kofia, nimekuona. Hapana usinielezee, vua kiatu tuone. Na soksi.