Kidole gumba cha muuza zabibu

Mbukwenyi! Haya, kaeni. Mwenyekiti kaniomba nizungumzie sehemu za ubongo na kazi zake. Nitazungumza, ila njia yangu lazima ipitie Soko la Majengo. Mlioisikia habari hii, vumilieni.

Kijana anauza zabibu kwenye beseni. Nachagua kishada, naona kidole gumba chake cha kulia kinachezacheza. Mwenyewe anakitazama kama cha mtu mwingine. Kikafuata kiganja, mkono, mdomo ukapinda kulia, kisha puu, chini! Zabibu zikatawanyika. Watu wakarudi nyuma, ati povu la kifafa linaambukiza. Haliambukizi! Mama ntilie akaja mbio na kijiko amtanue meno. Nikamnyang'anya. Mama, ulimi haumezwi. Kijiko kinavunja meno tu. Nikamlaza ubavu, kanga chini ya kichwa, macho kwenye saa. Dakika 2 hivi, akatulia. Zingepita 5, ni hospitali mbio.

Sasa turudi kwenye kile kidole. Karne ya 19 daktari Mwingereza, Hughlings Jackson, hana mashine yoyote, alitazama kifafa cha namna hii kinavyotambaa toka kidoleni hadi usoni, akasema ubongoni lazima kuna mpangilio wa viungo. Mwaka 1870 Wajerumani Fritsch na Hitzig wakagusa ubongo wa mbwa kwa umeme. Mguu wa upande wa pili ukaruka. Ukanda huo unaoendesha viungo uko kwenye gamba, yaani tabaka la nje la ubongo, kutoka utosini kushuka kuelekea sikioni: mguu juu, mkono katikati, uso chini. Wa kushoto unaendesha mwili wa kulia. Na gumba limepakana na uso, ndiyo maana mdomo ulifuata.

Kuna mzee pale nyuma anasema moyoni, hayo ni mapepo. Sawa, mzee wangu. Ila pepo gani huyo aliyesomea udaktari, ashike kushoto ili atikise kulia, tena aheshimu mipaka ya majirani?

Mtasema, si kuna vipimo? Vipo. EEG inasoma umeme wa ubongo kwa vidude vinavyobandikwa kichwani; Mjerumani Berger aliirekodi kwa binadamu mwaka 1924. MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, inaonyesha umbo la ubongo: kovu, uvimbe, hata viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Msiilaumu kitimoto peke yake, mayai yanayoleta balaa hilo yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Nawieni mikono! Lakini EEG inaweza kutoka safi kabisa siku ambayo mtu hajaanguka. Hapo daktari atauliza: kifafa kilianzia kiungo gani? Na soko zima lilikimbia.

Kwa hiyo mwenye simu, badala ya kukimbia, arekodi, ampe daktari.

Serebelamu na mizani ya mwili, hipokampasi na kumbukumbu... naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, zitangoja.

Ila yule mama ntilie yupo humu ukumbini, nimemwona. Mama, kijiko chako bado ninacho mkobani. Pita ukichukue.