Mwasema Oman ni jangwa? Haya, twendeni Jabal Shams

Salaam alaykum jamani, mwanisikia? Msinicheke. Hapa nilipo miguu imo kwenye beseni la maji moto na chumvi, maana magoti leo si yangu. Lakini nimeahidi video, na ahadi ni deni.

Kila nikisema naishi Maskati, watu wa nyumbani hunipa pole ya joto. Sasa tazameni kipande hiki. Januari hii, nina sweta mbili na pua yachuruzika! Hapo ni Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, kilele chake chafika kama mita 3,000. Na hilo shimo nyuma yangu ni bonde la Wadi Ghul. Kutoka ukingoni hadi chini kabisa ni kama mita 1,000.

Tulitoka saa kumi alfajiri, watu kumi na mmoja, Waswahili watupu. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo tukapitia mji wa Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Wallahi pale ningeshinda! Wanunuzi wamekaa duara, wauzaji wazunguka na mbuzi wao wakitaja bei, ukimpenda unamsimamisha, unamkagua meno. Mwenzetu mmoja kanyoosha mkono apige picha, akaletewa beberu. Ikabidi tumwombee radhi.

Ngome ya Nizwa sikai nayo sana, ila watu wa Mombasa nisikizeni. Iliyojengwa pale ni kazi ya Imamu Sultan bin Saif, huyo huyo aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliiteka Fort Jesus mwaka 1698. Yaani mimi mtoto wa Kibokoni nimekulia kivulini mwa ngome ya vita vya mtoto, nikaja huku kuzuru ya baba mtu. Na juu ya milango kuna matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Asali! Sisi twachovyea mkate.

Basi, gari tuliloahidiwa litafika juu halikufika. Lami ilipokatika dereva akasimama, akasema yeye ana watoto. Tukachanga upya, tukakodi magari mawili ya wenyeji.

Njia yenyewe ya kutembea kwa miguu ukingoni mwa bonde yaanzia kijiji cha Al Khitaym, kina mama wamepanga vitu walivyofuma kwa manyoya ya mbuzi. Mbuzi nao wakufuata kama watoto wa shule. Maganda ya machungwa yangu yote wamekula wao. Ni kama kilomita 4 kwenda, na haipandi sana. Shida si mlima, ni kwamba upande mmoja una jabali, upande wa pili una hewa. Mita mia moja za mwanzo nilitembea nikishika ukuta kama mlevi. Dada mmoja muuguzi akaniambia, "Tazama visigino vyangu, usitazame kitu kingine." Nikavitazama saa nzima. Ukiniuliza rangi ya viatu vyake nitakwambia hadi uzi.

Mwisho wa njia kuna kijiji kilichohamwa, nyumba za mawe zimejibanza chini ya mwamba, na makonde ya ngazi ngazi pembeni mwa genge. Watu waliishi hapa, wakalima, wakazaa! Nilijiuliza watoto wao walichezea wapi.

Jioni tukateremka kijiji cha Misfat al Abriyeen. Maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, yapita kati ya mitende, yashuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu, na kila shamba lina zamu yake. Tulikuwa tumekaa barazani twabishana nani alimaliza maji ya kunywa, mara mzee mmoja wa kanzu na kofia akageuka: "Nyie mwatoka wapi, mbona Kiswahili chenu kimechanganyika hivyo?"

Jamani! Kiunguja safi. Kazaliwa Unguja. Akatuita ndani, tende, halua, kahawa. Akaniuliza Darajani pakoje siku hizi, nikamwambia, babu, mimi wa Mombasa. Akasema, "Haidhuru, utakuwa umepita." Huku kikombe chako hutikiswa kama umetosheka. Mimi kwa kumsikiliza nilisahau kutikisa, akamimina ya tano.